Mnazi Kwenye Boksi la Tende

Mtende ulio kwenye boksi la tende la Bwana Hilali ni mnazi. Nimeandika sentensi hiyo, nikainuka, nikaenda jikoni kuchemsha chai, nikarudi, na bado ipo hapo hapo inanitazama. Basi na iwe. Kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi watakaosoma haya nimekuwa nikiapa kwamba ule ni mtende. Nimeapa mbele ya wanafunzi, mbele ya wenye maduka, mbele ya mume wangu aliyeniuliza wiki tuliyooana, akijua vyema kwamba wiki hiyo mwanamke hana ruhusa ya kununa. Katika ukumbi wa chuo kikuu kimoja mtaalamu aliwaeleza watu kwamba mstari wangu ulioinama, huu ulionipa jina na riziki, una athari ya picha za Kijapani. Niliitikia kwa kichwa, kwa unyenyekevu mkubwa, na kesho yake nikaenda kununua kitabu cha picha za Kijapani ili nijue nimeathiriwa na nini. Katika miaka yote hiyo nimekiri mara moja tu, kwenye simu, na hata hiyo ilinitoka kabla sijawahi kuizuia.

Kilichonivunja ni msiba. Bi Zuwena, mwalimu wangu wa kuchora, amefariki, nami nikaendesha gari hadi Ibra kwenda kukaa na wafiwa. Katika chumba cha wanawake kahawa ilikuwa ikizunguka, na pamoja na kahawa ikizunguka sahani ya tende, na wasichana wa nyumba walikuwa wakizitoa tende zile katika boksi lililowekwa pembeni ya mlango. Lilikuwa boksi lile. Karatasi ngumu, rangi mbili tu, kahawia na kijani, na mti mmoja umeegemea kushoto. Mjukuu wa Bi Zuwena, msichana wa shule mwenye macho ya bibi yake, akanijia nalo akachutama mbele yangu. "Bibi, hii mti umechora wewe?" Nikamwambia ndiyo. Akaligeuza geuza boksi. "Mbona kama narjili?" Neno la Kiswahili la mnazi hakuwa nalo, nazi kwake ni kitu cha kopo. Nami, katika nyumba ya maiti, mita chache kutoka chumba alichofia mwalimu wangu, nikamtazama mtoto usoni nikasema, "Mtende, mwanangu. Siku hiyo kulikuwa na upepo." Upande wa pili wa chumba walikaa wanawake wawili wazee wa Unguja. Wote wawili waliinamisha nyuso zao kwenye vikombe, na mmoja wao mabega yakawa yanamtikisika, na haikuwa kwa kulia.

Mwaka niliochora boksi lile ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Lami ilikuwa imeshafika Ibra, maduka yakifunguka kila upande, na kila duka lilitaka bango, na kila bango lilitaka picha, kwa kuwa wateja wengi wazee hawakuwa watu wa kusoma mabango. Kaka yangu Salum alikuwa mwalimu Sur, mji wa pwani. Alinipatia nafasi ya kusomea ualimu, nami sikuitaka: Kiarabu changu wakati ule kilitosha kuombea maji na kusalia, na niliwasikia watoto wa Sur wakinicheka hata kabla sijawaona. Nikamwambia nataka kuchora. "Kuchora nini?" akauliza. "Maboksi," nikasema, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kilichonijia. Salum si mkali. Alifikiri kidogo akasema, "Haya. Mwaka mmoja. Kikichapishwa kitu chako, nikakikuta dukani nikakinunua kwa mkono wangu, endelea nacho. La sivyo utakuja Sur, na sitaki kusikia tena habari ya brashi." Nilikubali upesi, kama wanavyokubali watu wasiojua mwaka una urefu gani.

Nikapelekwa Ibra kukaa kwa Bi Zuwena. Alizaliwa Unguja, akachora mabango ya afya katika idara moja huko mpaka ulipokuja ule mwaka ambao wengi wetu tuliondoka, akaenda Misri akachora sabuni na biskuti, akaolewa, na mumewe alipopewa kazi ya serikali Ibra akaja naye. Badala ya kukaa ndani na kulalamikia joto kama wenziwe, alikifungua chumba cha mbele cha nyumba yake akaweka meza mbili. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo, maana nilikuwa nimeshafunzwa unyenyekevu wa kutosha. Alivaa bangili za dhahabu mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia, alisema, ni wa kazi na hautaki kelele. Mtu akimsifu hakusema "aa, wapi." Alisema, "Naam, umeona?" na akasogea pembeni ili aliyesifu aione vizuri zaidi. Siku ya kwanza nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika mkono wangu wa kulia akaukunjua kama anayenunua kitambaa. "Utafaa," akasema. "Hauna woga. Wewe mwenyewe ndiye mwenye woga, lakini hilo ni jambo jingine."

Chumba kile naweza kukitembea mpaka leo nimefumba macho. Mlangoni harufu ya udi, hatua mbele harufu ya tapentaini, na katikati mahali ambapo harufu zile mbili zilikuwa zikigombana bila mshindi. Kiyoyozi kilinguruma kama lori linalopanda mlima. Brashi zilisimama katika makopo ya maziwa ya unga, na ukutani, juu ya meza yake, hakukuwa na picha yake hata moja. Alisema anayetaka kuona kazi zake na apite barabarani. Chini ya meza hiyo hiyo ilikaa mbuzi ya kukunia nazi aliyotoka nayo Unguja, ndogo, ya mti mweusi, ulimi wake wa chuma umelika. Ilikuwa imepita Misri, ambako jirani zake walidhani ni kiti cha mtoto na wakashangaa mtoto gani huyo. Kila gari la jamaa lililotoka Matrah lilimletea nazi, na nazi zilipofika kazi ilisimama, tukala wali wa nazi na mchuzi wa papa mkavu ambaye Salum alituletea kutoka Sur, na mlango wa mbele ukafungwa kwa heshima ya chakula.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: hachori kitu asichokila au asichokitumia. Alinawa kwa sabuni, alipika kwa mafuta, alikunywa dawa ya kikohozi akiwa hana kikohozi. Siku moja alikuja mwenye mkahawa, kijana mchangamfu kutoka Bidbid, kule njia panda, akitaka bango lenye kuku wa kuchoma. Bi Zuwena akamwambia lete kuku. Kuku akaja na mkate na chupa ya chai. Tulikula sote watatu. Bi Zuwena alitafuna taratibu, akafuta vidole, akanywa chai, akaongeza chai.

"Nitakuchorea chai," akasema.

"Bibi, mimi nauza kuku."

"Unauza kuku, lakini kuku wako sikumwona. Alipita hapa mdomoni kama mtu asiyetaka kusalimiwa. Chai yako naijua. Ina iliki, ina tangawizi, ina adabu."

Kijana alicheka kwa shida, akatuaga kama mtu aliyepigwa. Lakini bango la chai lilipandishwa, gilasi moja kubwa na moshi wake, na baada ya muda mfupi madereva wa njia ya Sur wakawa wanasimama pale kwa ajili ya chai. Kuku, nadhani, waliishi zaidi. Nilimtazama Bi Zuwena siku ile kama watu wengine wanavyomtazama mtu anayeruka kutoka kwenye ndege. Hakumdanganya mteja wake hata kidogo, na hakumkosea adabu. Alikataa tu kusema kwa mkono kitu ambacho ulimi wake haukukishuhudia.

Sheria ya pili ndiyo iliyoniponza. Asubuhi unatazama, baada ya chakula cha mchana unachora, na ukichora hutazami tena. "Ulichosahau hakikuwa na haja," alisema. "Na kilichojileta chenyewe, kiache, tutakiuliza baadaye nani kakialika." Hakukuwa na raba katika chumba kile. Nilipoomba moja alinipa kipande cha mkate.

Bwana Hilali alikuja kutoka Nizwa katikati ya mwaka, katika gari jipya ambalo viti vyake vilikuwa bado vimevaa nailoni. Alikuwa amezaliwa na kukulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuja na mabegi ya huko. "Bi Zuwena, mi nataka dizaini ya kisasa," alisema. "Boksi la tende. Si gunia, si kapu, boksi! Mtu apeleke zawadi mpaka Dubai asione haya." Tende zilikuwa za mashamba ya ammi yake, ndugu wa baba yake, mzee wa Nizwa ambaye hakuwahi kutoka nje ya nchi, na neno la mwisho lilikuwa la ammi. Bi Zuwena akala tende tatu, akanisukumia sahani. "Kula. Wewe ndiye utakayechora." Bwana Hilali akanitazama, mimi mwenyewe nikajitazama.

"Huyu mtoto?"

"Huyu mtoto. Mimi nimechoka na matunda."

Hakuwa amechoka na matunda. Alijua mkataba wangu na Salum.

Asubuhi ya pili nikaenda nikatazama mitende. Niliitazama vizuri, nathubutu kusema. Nilisimama juani mpaka shela yangu ikaloa jasho. Nikarudi, nikala, nikanawa mikono, nikachora. Ilitoka kwa urahisi uliopaswa kunitia shaka: shina refu laini likipinda kama mtu anayeinama kuokota kitu, na juu yake makuti yakimwagika pande zote, na chini ya makuti vishada vya tende. Sikujua nimefanya nini. Niliondoka Unguja mtoto, na nilidhani nimeisahau. Kumbe macho yalikuwa yameangalia mitende ya Ibra, na mkono ukaenda zake kwao. Bi Zuwena alisimama mbele ya picha ile, bangili zimenyamaza. "Ipeleke," akasema.

Jibu lililetwa na Bwana Hilali mwenyewe, naye alikuwa na aibu ya mtu aliyebeba maneno ya mkubwa wake. "Ammi ameipenda sana. Anasema ni mti mzuri. Ila anauliza mpandaji ataweka mguu wapi." Sikuelewa. Akanieleza, akichora hewani kwa kidole: mtende una vigutu vya makuti yaliyokatwa, kutoka chini mpaka juu, na mpandaji hupanda kwa vigutu hivyo, kamba pana imemzunguka mgongoni. Shina langu lilikuwa laini kama bomba. "Halafu anauliza, huo mti ni wa wapi, kwa sababu angependa kujua kama unastahimili baridi ya Nizwa." Hapo ndipo nilipouona mnazi. Waliokuwa chumbani waliuona uso wangu ukiuona. Bwana Hilali akakohoa akasema kwamba anaweza kungoja, msimu bado, lakini si sana.

"Ulijua!" nikamwambia Bi Zuwena alipoondoka.

"Tangu mstari wa kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Mimi nikikwambia, utauondoa kwa kunitii. Nilitaka uambiwe na mwenye mtende."

Habari ilizunguka mji kabla ya magharibi. Siku ya pili jirani walikuja kunywa kahawa, na mimi nilikuwa chumba cha mbele, mlango uko wazi nusu, nikijifanya naosha brashi. Nikamsikia mmoja wa wenzetu wa Unguja akisema, "Ati tende za nazi! Tena zinauzwa kwa kilo au kwa fungu?" Kicheko. Mwingine akasema kaka yangu ni mtu wa heshima, haifai msichana kupoteza mwaka mzima na makopo ya rangi, Sur kuna kazi na kuna wachumba. Kisha nikasikia sauti ya Bi Zuwena, haikupanda hata kidogo. "Nani kati yenu ameamka leo bila kuuona mtende? Hakuna. Basi karatasi hii, kalamu hii. Achore." Vikombe. Mwisho Bi Shekha, mwenyeji wa Ibra, tajiri, mwenye shamba kubwa karibu na falaji, ule mfereji wa maji ya mashamba, akasema kwa Kiarabu chake cha nyumbani, "Lete," na nikasikia kalamu ikikwaruza. Kisha nikasikia chumba kizima kikiripuka, na sauti ya Bi Shekha mwenyewe juu ya zote: "Wallahi, ufagio! Nimeishi chini yake tangu kuzaliwa, nimechora ufagio!" Alipotoka alipita chumba cha mbele, akaniona macho yangu mekundu, akajifanya ni tapentaini. "Njoo shambani kwangu," akasema. "Kila asubuhi. Mimi na wewe hatuujui mti huu, lakini wangu angalau uko karibu."

Nikaenda. Nilikuwa nikikaa ukingoni mwa mfereji, miguu kwenye maji, Bi Shekha akipiga kelele kwa wafanyakazi wake na kwangu kwa sauti moja. Nilijifunza vigutu, nilijifunza kwamba makuti ya mtende hayamwagiki bali husimama kama nywele za mtu aliyestuka, na miiba yake nilijifunza kwa kidole. Nikajifunza majina. Tunda likiwa kijani lina jina, likipata rangi lina jina, likilainika ni rutabu, likikauka ndipo likawa tende. Nilikuwa nikiyarudia majina hayo njiani kurudi nyumbani, na siku moja nikajikuta nimehama, narudia mengine niliyokuwa sijayatamka tangu utotoni: kidaka, halafu kitale, ambacho bado hakina maji ya maana, halafu dafu, halafu koroma, halafu nazi. Nilisimama njiani. Nikahisi kama mtu aliyefungua sanduku akitafuta sindano, akakuta nguo zake zote za udogo zimekunjwa vizuri.

Baada ya miezi michache nilichora mtende. Ulikuwa mtende kweli. Kila kigutu mahali pake, makuti wima, vishada vitatu vimefungwa kwa kamba kama inavyofungwa. Bi Shekha aliuona akasema mashallah, huu ndio. Bi Zuwena aliubandika ukutani akakaa mbele yake na kikombe chake cha chai mpaka chai ikapoa.

"Umesoma," akasema.

"Ahsante."

"Sikukusifu. Picha hii ipelekwe wizara ya kilimo, itawafaa sana. Hivi, Rayya, ukiutazama mti huu, unapata njaa?"

Nikautazama. Sikupata njaa. Nilipata hamu ya kuupigia mstari chini na kuandika jina langu na darasa.

Lakini mwaka ulikuwa unakwisha. Salum alikuwa amepiga simu kusema atakuja Alkhamisi ya wiki ya pili kunichukua, na alisema kwa upole, ambao ni mbaya kuliko ukali. Picha ile iliyokufa ingepita. Ammi angeweka mguu wake kigutu kwa kigutu mpaka juu na asingepata la kusema. Ingechapishwa, Salum angeinunua, mkataba ungetimia. Nilimwambia Bi Zuwena hivyo, na nilimwambia pia kwamba yeye ana jina lake tayari, ana mabango yake barabarani, ni rahisi kwake kutaka picha zenye roho. Mimi natafuta tu kutokwenda Sur. Sikuwahi kumsemeza hivyo. Hakukasirika. Alivuta mbuzi kutoka chini ya meza. "Zimeletwa nazi," akasema. "Kaa ukune."

Nilikaa juu ya mbuzi nikakuna, moja baada ya moja, kwa hasira kwanza, kisha kwa ule mwendo ambao mkono hupata wenyewe, kuzungusha na kuvuta, kuzungusha na kuvuta, nazi ikianguka nyeupe kwenye sinia. Tulikula. Nikanawa. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka nazi nilipochukua karatasi nyingine, bila kusudi, kama mtu anayepiga meza kwa vidole. Nikachora mtende. Vigutu vilikuja vyenyewe, nilikuwa ninavyo sasa. Makuti yalisimama, vishada vilikuwa vya tende na si vya kitu kingine. Ila shina liliinama. Liliinama vilevile kama siku ya kwanza, kama mtu anayeinama kuokota kitu, na nilipofika juu nililiona nikaliacha.

Sasa zilikuwepo picha mbili mezani, na dereva wa Bwana Hilali angepita baada ya alasiri kuchukua moja. Bi Zuwena alizitazama zote mbili. Wengine wote ninaowajua, nikiwemo mimi katika miaka yangu ya kufundisha, wangesema neno. Yeye alivua miwani. "Naenda kusali," akasema. "Akija, mpe unayoitaka." Akaingia ndani, nikasikia maji ya udhu. Nilisimama pale na sahani ya tende alizozibakisha Bwana Hilali. Nikautazama mtende wangu sahihi. Nikautazama ule mwingine, na nilipotanabahi nilikuwa natafuna. Honi ikalia nje. Nikampa dereva ule mwingine, nikarudi ndani mbio nikaanza kukunja nguo zangu kwenye begi, maana nilikuwa na hakika nimejipeleka Sur kwa mkono wangu mwenyewe.

Huwa nawaambia wanafunzi kwamba mtindo wa mtu haupatikani kwa kuutafuta, nao huandika hivyo kwenye daftari zao, na mimi huona haya, kwa sababu si jambo nililoligundua. Niliwekewa. Aliyeniwekea aliweza kunisahihisha siku ya kwanza kwa neno moja, na aliweza kuchora boksi lile mwenyewe mchana mmoja na kulipwa. Badala yake alikaa mwaka mzima akinitazama nikikosea, na hakuchoka, na hakuwahi kunikumbusha baadaye.

Simu ya nyumba ile ilikaa ukumbini juu ya kimeza, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Alkhamisi aliyokuwa anakuja Salum, simu hiyo ililia asubuhi, tukiwa jikoni. Bi Zuwena alikuwa juu ya mbuzi, mikono yote miwili nyeupe. "Ya kwako hiyo," akasema, kana kwamba amesikia mlio tofauti.

"Rayya? Hilali hapa. Sikiliza." Waya ulikuwa unavuma. "Ammi ameiona. Akaishika, akatoka nayo nje. Mi nikamfuata, nikajua leo imekwisha. Amekwenda nayo mpaka falaji, kule mwisho kabisa. Kuna mti pale umeuinamia mfereji, baba yake ndiye aliyeupanda. Akaiinua picha hivi, akautazama mti, akaitazama picha. Akaniuliza, 'Huyu binti alikuja hapa lini?'"

"Sijapata kufika Nizwa."

"Nimemwambia. Akasema, hakufika na kaujua. Wachape."

Nilikaa chini sakafuni, na kitambaa cha kufuma nikaja nacho.

"Upo?" akasema Bwana Hilali. "Sasa hilo lilikuwa la ammi. Hili jengine ni langu." Sauti yake ikashuka, na Kiarabu chote kikaisha ndani yake, kikabaki Kiswahili cha mama yake. "Mama yangu, we unajua, ni mtu wa Unguja, aliolewa Bujumbura. Tangu tuje huku hasemi sana. Picha yako amekaa nayo mbele yake tangu jana. Ananiuliza dafu lipo wapi. Nimwambie nini?"

Niliinua macho. Bi Zuwena alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, sinia la nazi mkononi.

"Mwambie asubiri," nikasema. "Bado vitale."

Nikamsikia akilirudia neno hilo kwa mtu aliye karibu naye, na baada ya hapo kicheko cha mwanamke mzee, kirefu, kikija juu ya waya kutoka Nizwa. Bi Zuwena akaugeuzia mgongo uso wangu uliolowa akarudi jikoni.

"Njoo umalize kukuna," akasema. "Salum akija atakula hapa hapa, halafu atarudi na begi lake tu."